Mshenga Aliyekaa Darajani

Watu waliokulia Kampala wakitazama Tom and Jerry kwenye kanda za VHS, ukiwaambia "kile cha reli", hawahitaji jina. Uso unakunjamana wenyewe. Jina lipo hata hivyo: Blue Cat Blues, filamu fupi ya mwaka 1956 kutoka studio ya MGM. Waliiongoza William Hanna na Joseph Barbera, hao hao waliowaleta duniani paka na panya hawa mwaka 1940 na kuzoa Oscar saba kwa ajili yao. Kwa hiyo hatuwezi kuwasingizia wanagenzi. Miaka michache baadaye Tom na Jerry walikwenda kuchorwa Prague na kikosi cha Gene Deitch. Vipindi vile 13 vina miendo ya ajabu na milio ya ajabu zaidi, na mtoto yeyote alivitambua mara moja akatoka nje kucheza mpira. Hiki si cha namna hiyo. Kimechorwa vizuri, muziki wake umepangwa vizuri, na kilitukatisha tamaa kikiwa kazi ya mabwana wenyewe.

Kinaanzia mwisho. Tom ameketi kwenye reli, mabega yamemwanguka. Jerry yuko juu ya daraja anamtazama, na ajabu ya kwanza ni kwamba panya huyu, ambaye kwa kawaida hana neno, leo anasema. Sauti ya mtu mzima aliyechoka inatueleza rafiki yake alifikaje pale. Walikuwa chanda na pete. Akapita paka jike mweupe, Tom akapumbazika. Jerry akajaribu kumzuia, lakini hakusikilizwa. Halafu akatokea Butch, paka mwenye fedha. Tom analeta ua moja, Butch anashusha shada kubwa. Tom analeta kichupa cha manukato, Butch analeta manukato kwa lori la tangi. Tom ananunua pete ambayo almasi yake haionekani bila kioo cha kukuzia. Ya Butch inawaka hadi anayeitazama anahitaji kinga ya macho kama ya fundi wa kuchomelea. Tom anakopa, kwa riba inayolizidi deni lenyewe, ananunua gari kuukuu, na gari refu la Butch linapita juu yake. Paka mweupe anaolewa na Butch. Tom anayanywa maziwa kama walevi wanavyokunywa pombe, maji ya mtaro yanamchukua, Jerry anamvuta kwa taabu. Jerry anajifariji kwamba yeye walau ana mchumba mwaminifu. Gari linapita, mchumba yumo, ameshaolewa na panya mwingine. Jerry anashuka, anakaa kando ya Tom. Honi ya treni inasikika, inakaribia. Basi.

Kuna uvumi sugu kwamba hapo ndipo katuni yote ilipoishia. Si kweli. MGM ilifunga idara yake ya katuni mwaka 1957, lakini filamu zilizokuwa tayari ziliendelea kutoka hadi 1958, Tom akiwa mzima na wazimu wake ule ule. Hata kwenye kanda yetu filamu iliyofuata ilianza bila kuomba radhi, paka anamkimbiza panya jikoni kana kwamba hakuna kilichotokea.

Sisi watoto tulikuwa na malalamiko, nayo yalikuwa ya kiufundi kuliko ya huzuni. Hakuna aliyekimbizwa. Kikaango hakikupita hewani. Tom wa kila siku hubanwa na mlango akawa karatasi, hulipuliwa akawa majivu, na kufumba na kufumbua amerudi. Humu hakuna baruti, kuna mikataba, na mikataba haimwachii. Juu ya yote, Jerry, yule Jerry, hakufanya kitu. Kijana mmoja wa mtaani aliyetuzidi umri na aliyekuwa akitutafsiria Kiingereza alikataa katakata kuiacha filamu iishe vile. Alitangaza kwamba hiyo ilikuwa treni ya Kasese na imefutwa. Tulimwamini bila shida. Hiyo ilikuwa miaka ya mwisho ya 1990, treni za abiria zilikuwa zimekufa Uganda, na reli tuliyoijua, ile inayopita Namuwongo, ilikuwa mahali pa kuanikia nguo na kuuzia mkaa. Treni ya mizigo ilipita kwa nadra, na ikipiga honi kila mtu alikuwa na muda wa kuanua nguo zake.

Nimeitazama tena nikiwa na umri wa watu wanaoalikwa kwenye vikao vya kuchangia kwanjula, sherehe ya posa ya Kiganda, na umri huo unabadilisha kinachoonekana. Hii ni hadithi ya posa, na posa ni jambo ambalo masimulizi ya kwetu yamelifanyia kazi karne nyingi kabla ya Hollywood. Tunaweza kuiweka hapo na kuona inasimamaje.

Tuanze na iliyo karibu na Kampala. Kintu, mtu wa kwanza wa Baganda, yuko peke yake na ng'ombe wake. Nambi, binti wa Ggulu, mwenye mbingu, anamwona na kumtaka. Wakwe hawamtaki. Ng'ombe anachukuliwa, Kintu anapanda mbinguni, na Ggulu anamwekea mitihani isiyowezekana. Anafungiwa nyumbani na chakula cha watu mia na kuambiwa akimalize. Anaona shimo sakafuni na kukitumbukiza humo. Anapewa shoka akapasue kuni kwenye mwamba. Anatumwa maji yasiyotoka kisimani wala mtoni, anarudi na umande. Mwisho anatakiwa amtambue ng'ombe wake katika makundi makubwa, na hapo nyuki anamnong'oneza: nitakayetua kwenye pembe zake, ndiye. John Roscoe aliiandika hadithi hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1911 kuhusu Baganda, lakini mtoto wa Mengo hakuhitaji kitabu.

Angalia mahari ilivyo hapo. Ggulu haombi mali. Mali yote ni yake. Anapima kama kijana ana akili, na kama kuna kiumbe chochote duniani kilicho tayari kumsaidia. Nyuki si mapambo ya hadithi, ni ushahidi: mtu ambaye hata mdudu humhurumia anaweza kuachiwa binti. Wala usidhani hadithi inaishia kwa vifijo. Nambi na Kintu wanasahau mtama wa kuku, mmoja wao anarudi kuuchukua ingawa walikatazwa, na Walumbe, kaka yake Nambi, anawafuata hadi duniani. Walumbe ndiye Kifo. Mashimo ya Tanda, upande wa Mityana, yanaonyeshwa hadi leo kuwa ndipo Walumbe alipokimbilia, kaka mwingine, Kayikuuzi, alipotumwa kumkamata akashindwa. Kwa hiyo watoto wa Kampala walioichukia filamu ya reli hawakuwa watoto waliolindwa dhidi ya kifo. Walikisikia na kulala usingizi. Kifo cha Walumbe kimefika kwa kosa la mtu, kina sababu na jina, na kinajibiwa: Walumbe ataua, lakini uzao wa Kintu hautaisha. Kwenye reli ya Tom hakuna anayejibu.

Ya pili ni ya pwani, nami naipenda kuliko zote. Edward Steere aliichapa mwaka 1870 katika mkusanyiko wake wa ngano za Unguja: kisa cha Sultani Darai. Maskini mmoja anachakura jaani akitafuta punje za mtama. Siku moja anaokota thumuni, na badala ya kununua chakula ananunua paa. Majirani wanamcheka. Paa anasema, anakwenda machungani, na huko anachimbua almasi kubwa. Hampelekei bwana wake. Anaifunga kwa majani, anasafiri nayo hadi mji wa mbali, anaingia kwa sultani na kusema: nimetumwa na bwana wangu Sultani Darai, ameniagiza nimposee binti yako, na hii ni salamu tu. Halafu anarudi kumchukua huyo "sultani" mwenye nguo za matambara. Kabla ya kuufikia mji anamchapa na kumlaza kando ya mto, kisha anakwenda mbio ikulu kulia kwamba bwana amevamiwa na wanyang'anyi, wamemvua kila kitu. Sultani anatoa mavazi na farasi. Maskini anaingia mjini akiwa mkwe. Nyumba ya kumweka mke nayo paa anaitafuta, kwa kumuua nyoka wa vichwa saba aliyekuwa akiimiliki.

Weka pete ya Tom kando ya almasi hiyo. Zote mbili ni mawe ya kuposea. Ya Tom ni ndogo, imenunuliwa kwa jasho lake, na anaipeleka mwenyewe, kwa mkono wake, mbele ya mpinzani. Ya paa ni kubwa, lakini ukubwa wake si kitu bila maneno yanayoandamana nayo. Mwingine angeifikisha almasi ile ile ikulu, akaulizwa ameiiba wapi. Kinachomwoza maskini ni mnyama mwenye ulimi, anayejua adabu ya kubisha hodi, anayejua kumfanya bwana wake aonekane mkubwa kwa kutokuwapo. Kuna mshenga. Na mshenga huyu ni mdogo wa umbo, mjanja, anawaacha wakubwa wakishangaa: kwa kila alama ya kazi yake, paa ni Jerry.

Hapo ndipo malalamiko yetu ya utotoni yanapopata mguu wa kusimamia. Jerry ni wa ukoo wa Sungura wa Waswahili na Wakayima wa Baganda, wadogo ambao kazi yao katika hadithi ni kupata njia mahali pasipo na njia. Amemshinda Tom mara zisizohesabika kwa uzi, pini na kipande cha jibini. Siku Tom anapomhitaji upande wake, ujanja haupo. Ana huruma, hilo tumpe. Anamzuia, anamvuta mtaroni. Lakini hapeleki ujumbe kwa paka mweupe, hatoboi tangi la manukato la Butch, haulizi fedha za Butch zimetoka wapi. Na tusisahau kwamba katika filamu hii ana sauti. Amepewa ulimi, kitu ambacho paa wa Unguja alikitumia kumgeuza mchakura jaa kuwa mkwe wa mfalme, naye anautumia kutuambia sisi watazamaji jinsi mambo yalivyoharibika. Mshenga amekuwa msimulizi.

Kisa cha Darai nacho kinaishia pabaya, pabaya sana. Paa anaugua, na bwana aliyetajirika anaagiza apikiwe uji wa mtama mbovu, chakula cha jaani. Paa anakufa kwa uchungu, anatupwa kisimani, na asubuhi moja sultani anaamka yuko jaani, anachakura. Sijui hadithi ya kitoto iliyo kali kuliko hii. Hata hivyo, haimwachi msikilizaji na kinyongo. Inaumiza kwa sababu aliyesaidiwa amemsahau msaidizi, na sote tunajua nani alaumiwe. Huzuni ya Darai ina mkosaji. Huzuni ya Tom ina bei tu.

Kwa haki, kuna mwandishi wa Uganda ambaye angewaelewa Hanna na Barbera. Mwaka 1953, miaka mitatu kabla ya filamu ile, Okot p'Bitek alichapisha riwaya yake ya Kiacholi, Lak Tar. Kijana Okeca Ladwong anampenda Cecilia Laliya, mahari ni kubwa, baba yake amekufa na jamaa hawamfai. Anakwenda Kampala kutafuta fedha, anahangaika, anaishia kwenye mashamba ya miwa upande wa Jinja. Anakusanya anachoweza. Njiani kurudi anaibiwa. Wanyang'anyi ambao paa aliwatunga kwa ajili ya Darai, kwa Okeca ni wa kweli, na hakuna ikulu ya kukimbilia kuomba nguo. Hakuna nyuki, hakuna paa. Dunia ya mshahara imewafukuza.

Nadhani hicho ndicho kinachozikutanisha kazi hizi mbili za miaka ya hamsini, moja ya California na moja ya Acholi. Zote zinamwonyesha mposaji katika zama ambapo fedha imeachiwa iseme peke yake. Amerika ya 1956 ilikuwa imelewa ununuzi wa awamu, gari leo na malipo kesho. Acholi ya 1953 ilikuwa inawapeleka vijana wake kusini kutafuta shilingi za kuolea. Lakini Okot anafanya kitu ambacho filamu haifanyi: anaiuliza jamii. Kwa nini mahari imefika hapa, nani anaila, wazee wako wapi? Tom hana wazee wa kuulizwa. Hana hata mjomba. Anakwenda kuposa peke yake kama mtu anayekwenda dukani, na wenye duka wanamwambia fedha hazitoshi.

Kampala haijalimaliza swali hilo. Kwanjula ya leo, nenda nayo Jumamosi yoyote, ina masanduku ya soda, vikapu, magomesi, na pembeni bwana harusi anayehesabu mikopo kichwani. Wapo wanaokopa kwa ajili ya siku hiyo moja, na sitaki kuwacheka. Mnamo Agosti 2015 Mahakama ya Juu ya Uganda, katika kesi iliyoletwa na shirika la Mifumi, iliamua kwamba kudai kurudishiwa mahari ndoa ya kimila inapovunjika ni kinyume cha katiba. Mahari yenyewe iliachwa. Mahakama, kwa maneno mengine, ilikataa mantiki ya duka: mke harudishwi kama bidhaa ili mteja apewe fedha zake. Butch asingeelewa hukumu hiyo.

Lakini katika kwanjula hiyo hiyo yenye vurugu zote za vitu, bwana harusi hasemi. Anakaa na watu wake, kanzu imepigwa pasi, mdomo umefungwa. Anayesema ni mwogezi wake, akipambana na mwogezi wa upande wa pili kwa mafumbo, kejeli na utani wa koo, na watu huenda nyumbani wakisifu maneno kabla ya kusifu vikapu. Ssenga, shangazi wa binti, ndiye anayemtambulisha kijana. Kaka wa binti anapewa jogoo. Kila kitu kinapita kwenye mikono na midomo ya watu wengine. Nimeona mwogezi hodari akiufanya mzigo mdogo uonekane mzigo wa heshima, na nimeona mwogezi mbovu akiziaibisha gari tatu za zawadi. Jerry angekuwa mwogezi wa kutisha. Filamu ilimpa darasa zima la uwezo huo, ikamkalisha darajani.

Mji huu una msimulizi wa aina nyingine, anayeonyesha wazi kwamba kusimulia si lazima kuwe kukata tamaa. Ni VJ. Katika vibanda vya video vya Kampala, filamu za kigeni huingia zikiwa na lugha yao na hutoka na Kiganda cha akina VJ Jingo na VJ Junior. Watanzania walikuwa na Lufufu, Wakenya wana DJ Afro, kwa hiyo msomaji wa Kiswahili anaijua kazi yenyewe. VJ hatafsiri tu. Anabishana na muigizaji, anamwonya, anampa jina la mtaa, anamkumbusha deni. Katika Who Killed Captain Alex?, filamu ya Isaac Nabwana iliyotengenezwa Wakaliga na kutolewa mwaka 2010, sauti ya VJ Emmie imeshikamana na filamu yenyewe, na kuitazama bila yeye ni kuitazama nusu. Yule kijana wa mtaani aliyeifuta treni ya Kasese alikuwa anafanya kazi hiyo hiyo bila malipo.

Fanani wa pwani alikuwa na desturi ya kufunga hadithi kwa kusema kwamba uzuri wake ni wa wote, na ubaya wake ni wake peke yake aliyeisimulia. Ni ahadi nzito kuliko inavyosikika. Ina maana kuna mtu mbele yako wa kulaumiwa, na kesho usiku anaweza kuisimulia vingine. Filamu ya MGM haina mtu huyo. Ubaya wake umebaki kwenye seluloidi tangu 1956, ule ule Kampala na ule ule Chicago, na Jerry anasema maneno yale yale kila mara. VJ anaurudisha uwezekano wa kulaumiwa, na pamoja nao uwezekano wa kurekebisha.

Sitaki VJ huyo aifute treni. Hilo lilitosha tulipokuwa watoto. Kuna kasoro kubwa zaidi ambayo malalamiko yetu ya wakati ule hayakuigusa, kwa kuwa wengi wetu tulikuwa wavulana na hatukuiona: paka mweupe hana jina. Nambi alimchagua Kintu mwenyewe na ndiye aliyemwambia ng'ombe wake kapelekwa wapi. Mke wa Darai aliuona uovu aliofanyiwa paa, akamlilia hadi mwisho. Cecilia wa Okot anajulikana kwa jina na moyo wake uko wapi. Paka mweupe anapokea shada, anapokea manukato, anapokea gari, na hatusikii hata mara moja anachofikiri. Mchumba wa Jerry anapewa chini ya hapo: anatokea ili apite. Wenye filamu walitaka tuwachukie hao wawili kwa tamaa yao, na hawakuwapa hata nafasi ya kuwa na tamaa.

VJ ninayemtaka mimi angeanza na paka huyo. Angempa jina, angempa ssenga, na siku Butch anapofika na lori lake la manukato, ssenga angetoka mlangoni na kumuuliza, mbele ya majirani wote, ni nani aliyemtuma.